Watu Wanne wa Chaki

Bwana ninayetaka kuwasimulia habari zake ni mimi mwenyewe. Lakini nimejaribu mara tatu kuandika "mimi", na mara zote tatu nimejikuta najitetea: mara mvua ilizidi, mara ofisi ilitaka kazi haraka, mara vifaa vilikuwa haba. Kwa hiyo nitamwita Bwana Rula, kama walivyomwita watu wa kambini, nami nikae pembeni nimcheke kwa nafasi. Akifanya la maana nitawaambia. Msisubiri mkiwa mmesimama.

Bwana Rula alikuwa mchoraji wa nyumba katika shirika linalowajengea watu makazi ya muda baada ya maafa. Alikaa ghorofa ya pili, karibu na feni, na rula ya chuma ya sentimita thelathini haikumtoka mfuko wa shati. Siku ya harusi yake pia alikuwa nayo, picha zipo. Alipoambiwa achore banda la familia ya watu wanne, lenye vifaa vichache na la kujengwa siku moja, alifanya utafiti. Utafiti wenyewe ulikuwa hivi: wakati wa chakula cha mchana alijilaza chali kwenye sakafu ya ofisi, akamwambia karani amzungushie chaki. Kisha akasogea kidogo akajilaza tena, akazungushiwa tena, mpaka wakapatikana watu wanne.

"Umemaliza?" aliuliza karani, magoti yakimuuma.

"Nimemaliza. Hii ndiyo familia."

Akawachorea hao wanne mstari wa kuwazunguka, akaongeza pembe ya kuwekea sufuria, nyumba ikawa tayari. Ilikuwa na ukuta mmoja wa ndani, wa mkeka mmoja na nguzo moja, lakini alipowatazama watu wake wa chaki hakuona hata mmoja aliyehitaji ukuta. Akaufuta. Kuta za mikeka kumi zikawa za mikeka tisa, na kwa kila mabanda kumi likapatikana la kumi na moja bila kuongeza kitu. Kwenye kikao mkurugenzi alipiga makofi akiwa amesimama. Mradi ukapewa jina la Makazi ya Staha, na Bwana Rula akapewa cheti chenye fremu. Alikitundika mkabala na meza yake ili akiinua macho akione, na aliyainua mara nyingi.

Mabanda mia mbili ya kwanza yalijengwa kwenye uwanja wa mpira wa shule. Miezi minane baadaye mto ukafurika tena, na safari hii ukapita kwake.

*

Alisimama kwenye foleni ya uwanja ule ule akiwa na ndoo, magodoro mawili yenye unyevu, na kitambulisho cha ofisi kikining'inia shingoni. Nyuma yake alisimama mkewe, fundi cherehani, aliyeokoa cherehani yake kwa kuibeba kichwani wakati mumewe anatafuta viatu. Pembeni yao alikuwepo binti yao wa miaka saba na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa na nyumba yake mtaa wa chini zaidi; mto uliichukua yote, na msingi juu.

"Kazi yako?" aliuliza mwandikishaji bila kuinua kichwa.

"Mchoraji."

"Unachora nini?"

Bwana Rula akayatazama mabanda. "Vitu mbalimbali," akasema.

"Mko wangapi?"

"Wanne."

"Basi mnaenea vizuri. Yamepimwa kwa watu wanne. Namba sitini na moja."

Mama mkwe alitangulizwa kwa heshima. Aliinama, akaingia, akasimama katikati, akageuka kulia, akageuka kushoto. Haikumchukua muda.

"Na chumba kingine kiko wapi?" aliuliza.

Mke akamtazama mumewe. Mume akaitazama rula yake.

"Mama, ni hiki hiki," mke alisema.

"Ahaa," alisema mama mkwe. Akatoka taratibu, akaupeleka mzigo wake nje, akaukalia.

*

Siku ya kwanza alisema anapenda kupunga upepo. Siku ya pili alisema mgongo haumpi raha akilala, ni afadhali akae. Siku ya nne macho yalikuwa mekundu na miguu imeanza kuvimba, na kila asubuhi Bwana Rula alipotoka alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, shuka mabegani, akiwa amejikaza kama mtu anayesubiri gari.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu. Nimelala fofofo."

Bwana Rula akaridhika, tena akaona fahari kidogo. Mkewe ndiye aliyemvuta mkono mpaka bombani, akafungua maji yatiririke kwa kelele watu wasisikie.

"Mama halali."

"Ameniambia amelala fofofo."

"Na wewe ukaamini! Wewe bwana, hebu niambie, atalalaje? Mkwewe huyo hapo, akinyoosha mkono anamgusa. Mama anakoroma. Anajijua anakoroma tangu ujana wake. Ameniambia ni afadhali afe kuliko wewe umsikie."

"Mimi sitajali."

"Nani kakuuliza kama utajali? Anayejali ni yeye." Akapunguza sauti. "Na maji hanywi. Tangu saa sita mchana hatii kitu kinywani. Mlango uko upande wako. Akitaka kwenda chooni itabidi amruke mkwewe."

Bwana Rula akageuka kulitazama banda. Mlango aliuweka pale kwa sababu kwenye mchoro ulipendeza, na mtu wa chaki aliyelala mbele yake hakuwa mkwe wa mtu.

"Basi nitalala nje mimi," akasema.

"Jaribu."

Alijaribu. Alipata mkeka kwa jirani wa namba sitini, seremala, akalala huko usiku mmoja. Asubuhi alimkuta mama mkwe amefunga mzigo wake na kamba mbili, anamuuliza mjukuu njia ya kituo cha basi. Alikuwa hana pa kwenda, lakini alikuwa tayari kwenda huko kuliko kumfukuza mwenye nyumba kwenye nyumba yake. Iliwachukua nusu siku kumfungua ule mzigo. Mke alipomaliza kumtuliza mama yake alimgeukia mumewe, na hakupandisha sauti, jambo lililomtia Bwana Rula hofu zaidi.

"Nakupa mpaka Ijumaa," alisema. "Ama kuna ukuta humu ndani, ama nampeleka mama kwa kaka yangu, mimi na mtoto tunaondoka naye. Ni siku mbili kwa basi, nitazimudu. Sitamwangalia mama yangu akifa kwa kukaa macho ili cheti chako kisianguke."

*

Mtunza stoo alikuwa mtu wa haki. Alifungua faili, akalamba kidole, akafunua.

"Banda namba sitini na moja, mikeka tisa. Mmepewa tisa?"

"Tumepewa tisa, ila naomba wa kumi."

"Kila mtu anaomba wa kumi. Mama mmoja alikuja na shahidi! Ninawaambia wote: ndugu zangu, mchoro unasema tisa." Akageuza faili. "Hii sahihi hapa chini ya nani? Inafanana na nyoka."

"Yangu," alisema Bwana Rula.

Mtunza stoo akamtazama, akaitazama rula, akafunga faili. Alikuwa na adabu ya kutocheka mpaka mwenzake alipogeukia mlango.

Seremala wa namba sitini hakuwa na adabu hiyo. Yeye ndiye aliyejenga mabanda mengi ya uwanja ule, na sasa aliishi ndani ya mojawapo na wake zake, watoto na wajomba.

"Mimi niliuliza," alisema huku akinyoosha msumari uliopinda. "Niliuliza, jamani, ukuta wa kati mbona siuoni? Wakaniambia fundi, wewe gonga misumari, aliyechora ana digrii. Nikagonga."

"Kwa nini hukuja ofisini kuniambia?"

"Nilikuja. Nikaambiwa umelala chini, unafanya utafiti."

Ikabaki njia ya mwisho, pazia. Mke aliunganisha mashuka mawili kwa cherehani, Bwana Rula akavuta kamba kutoka ukuta huu hadi ule, akaikaza sana maana katikati hapakuwa na nguzo ya kuishikilia. Pazia likakaa. Mama mkwe alilitazama, akalishika kwa vidole viwili, na kwa mara ya kwanza macho yake yakalainika. Ilikuwa saa nane mchana. Akaingia nyuma ya pazia, wakamsikia anajilaza, wakamsikia anashusha pumzi. Mke akamkonyeza mumewe. Bwana Rula akavimba kichwa, akatoa rula, akaanza kupima pazia ili siku moja aliandikie ripoti.

Upepo ulikuwa wa kawaida tu. Lakini kamba ilikwishavuta nguzo za pembeni, na nguzo zikavuta turubai la paa, ambalo lilikuwa limebeba maji ya mvua ya asubuhi. Nguzo moja ikalala, maji yakamwagika yote kwa pamoja, na pazia likaanguka juu ya kichwa cha Bwana Rula. Alipojinasua, mama mkwe alikuwa ameketi mbele yake, kilemba kimemtoka, vifungo vya blauzi viko wazi, nywele zake nyeupe zimelowa. Miaka tisa hakuwahi kuziona. Mama akaweka mikono miwili kichwani kuzificha, kisha akakumbuka kifua, akashindwa afunike kipi.

Bwana Rula akageuka akautazama ukuta wa mkeka. "Samahani, mama," aliuambia mkeka.

"Si kitu, mwanangu," ilisema sauti nyuma yake. "Ni upepo tu."

Haukuwa upepo. Ilikuwa nguzo moja iliyofutwa kwa raba Jumanne moja ofisini, na aliyeifuta alikuwa akipiga mluzi. Aliona aibu kiasi kwamba masikio yalimwasha, na aliendelea kuutazama mkeka ule hata baada ya mkewe kumwambia anaweza kugeuka.

*

Siku iliyofuata mkurugenzi alimwita. Alikuwa amechangamka mno.

"Nasikia unaishi ndani ya Staha! Mbona hukusema? Msanifu anayelala ndani ya kazi yake! Bahati kama hii haiji mara mbili."

"Mkurugenzi, mto ndio ulio..."

"Ijumaa wanakuja wageni, wale wanaotupatia vifaa. Wakipenda wanachokiona wanasaini mabanda mia tano mengine, mchoro huu huu, bila kugusa kitu. Tutaanzia kwako. Mke awepo, mtoto awepo, apigwe sabuni. Na nasikia kuna bibi. Bibi lazima awepo! Wageni wanawapenda wazee." Akamshika bega. "Mkataba wako unaisha mwezi ujao, sivyo? Basi Ijumaa uongee vizuri."

Sasa hapa ningependa kuwaambia kwamba Bwana Rula aligonga meza. Hakugonga. Alisema "Nashukuru mkurugenzi", akashuka ngazi akiwa amejipangia hoja nzuri sana: asaini kwanza mkataba, kisha akiwa imara ndani ya ofisi auombe ukuta polepole, kwa barua, kuanzia mabanda ya mwakani. Alimweleza mkewe hoja hiyo jioni. Mkewe aliendelea kukunja nguo na kuzipanga ndani ya begi la safari.

*

Ijumaa wageni walikuja watatu, buti zao mpya kabisa. Mkubwa wao alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba na kalamu tayari mkononi. Waliinama, wakaingia mmoja mmoja, na kwa kuwa wenyeji walikuwa wanne na mkurugenzi wa tano, ilibidi mgeni mmoja asimame ndani ya pembe ya sufuria.

Mkurugenzi alieleza mikeka tisa. Alieleza banda la kumi na moja. Alimwonyesha Bwana Rula kwa mkono kama anayemuuza, na Bwana Rula akatabasamu kama anayenunuliwa. Begi la safari lilikuwa chini ya cherehani, zipu imefungwa.

"Na wewe mama," yule mgeni alimwuliza mama mkwe kwa upole, "unaionaje nyumba hii?"

Mama mkwe akainuka kwa kushika ukuta. Alikuwa amevaa ndala za bintiye kwa sababu viatu vyake vilikuwa haviingii tena miguuni. Akarekebisha kilemba, akamtazama mkwewe mara moja tu, akamgeukia mgeni.

"Nzuri," alisema. "Nzuri mno. Mimi nalala hapa fofofo. Mkwe wangu ndiye aliyeichora, kwa akili yake mwenyewe."

"Hakuna tatizo lolote?"

"Tatizo litoke wapi? Mwanangu kaolewa na mtu wa maana."

Mkurugenzi akacheka kwa furaha, wageni wakatikisa vichwa, mmoja akasema "hongera". Mgeni mkubwa akafungua faili yake, akatafuta pa kusaini. Mke wa Bwana Rula alikuwa ameinamia begi.

Bwana Rula alimtazama mama mkwe. Miguu imemvimba, macho yamezama, midomo imekauka kwa kiu, na bado amesimama wima analilinda jina la mkwewe mbele ya watu. Alimpenda wakati ule kuliko alivyowahi kumpenda, na alijua kwamba akinyamaza hatathubutu tena kumwamkia.

"Mama mkwe wangu anasema uongo," alisema.

Binti yake akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mtu hamwiti mama mkwe muongo. Hata wale wanaoamini hivyo huliweka moyoni. Mama mkwe alifumba macho kama aliyepigwa.

"Anatania," alisema mkurugenzi. "Hawa wana utani wao nyumbani."

"Sitanii. Ana siku kumi na moja hajalala. Anakaa kwenye ndoo hapo nje. Maji hanywi ili asiniruke kwenda chooni. Anawaambia nzuri ili mimi nisifukuzwe kazi." Na kwa kuwa maneno yalimwishia, na hakuna jambo maishani alilowahi kulifanya bila kupima, akajilaza chini chali, na shati lake jeupe, miguuni pa wageni. "Nilipima hivi. Ofisini, kwa chaki. Huyu ni mimi." Akapiga mkeka kwa kiganja. "Hapa mke wangu. Hapa mtoto." Akanyoosha mkono mpaka ulipogusa ukuta. "Na hapa mama mkwe wangu. Wote wanne nilijipima mimi."

Binti akachungulia kutoka nyuma ya mama yake. "Kwa hiyo bibi hakupimwa?" akauliza.

Mgeni mkubwa alikuwa akipima kwa macho ile nafasi iliyobaki kati ya mkono wa Bwana Rula na ukuta.

"Na mlango uko juu ya nani?" aliuliza.

"Juu yangu."

Mama yule akafunika kalamu yake. "Mimi pia nina mkwe," alimwambia mkurugenzi, akatoka nje.

*

Wiki moja baadaye walisaini, lakini kwa mchoro wenye ukuta wa kati, nguzo ya kuushika, na mlango wa pili nyuma. Badala ya mabanda mia tano yakatoka mia nne na hamsini. Maana yake familia hamsini ziliendelea kulala madarasani mwezi mzima zaidi, na Bwana Rula alizipitia kila siku akienda kazini, na hazikumwamkia kwa shauku. Mabanda ya zamani nayo yaliruhusiwa mkeka wa kumi. Mtunza stoo alifungua ukurasa mpya.

Mkataba wake haukuongezwa. Ofisi iliandika barua fupi ya kumshukuru, na barua ndefu kidogo ya kukiomba cheti kirudishwe, pamoja na fremu. Seremala akamchukua kuwa msaidizi wake. Siku ya kwanza alimkabidhi nyundo, akampokonya rula, akaitia mfukoni mwake mwenyewe.

Mke alifungua begi, akazirudisha nguo moja moja. Lakini mama mkwe alikuwa ameitwa muongo mbele ya wageni, na hilo hakulimeza. Siku nane hakumsemesha mkwewe.

"Shikamoo mama," Bwana Rula alisema kila asubuhi.

"Mwambie baba yako marahaba," mama mkwe alimwambia mjukuu.

"Baba, marahaba," alisema mtoto, aliyekuwa akiifurahia kazi hiyo kuliko zote alizowahi kutumwa.

Siku ya tisa, saa sita mchana, Bwana Rula na seremala walisimamisha ukuta wa namba sitini na moja na kukata mlango wa nyuma. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ndoo yake akiwatazama bila kupepesa. Walipomaliza, alikuja akaisukuma nguzo kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, kisha kwa bega.

"Haitalala hii?" aliuliza. Hakumwuliza mtoto.

"Hailali, mama," nilimjibu.

Naona nimesahau kumwita Bwana Rula. Basi na iwe hivyo. Mama mkwe alimwomba mjukuu kikombe cha maji, akanywa chote mbele yangu, akaomba kingine, akakinywa nacho. Akaingia upande wake, akaufunga mkeka wa mlango. Mimi nilibaki upande huu nikiokota misumari, mke wangu akishona.

Haikupita robo saa. Kwanza nilidhani ni gari linapanda kilima kwa gia ya kwanza. Lilipanda, likakwama, likapumua, likaanza upya. Ukuta ulikuwa wa mkeka mmoja tu. Namba sitini walikuwa wakisikia, na nadhani bombani pia. Mke wangu akaiachia cherehani ikasimama, akanitazama macho yakiwa yamejaa machozi na mdomo ukiwa umejaa kicheko.

"Unasikia?" alininong'oneza.

"Kusikia nini?" nilisema, nikaendelea kuokota misumari.